Friji ikianza ‘kuuma’ watoto, fundi aulizwe leseni

Zipo nyumba zenye jozi ya ndala ambayo kazi yake ni moja tu: kukaa mbele ya friji. Anayetaka maji ya baridi anazivaa kwanza, ndipo afungue mlango. Mgeni akishangaa, mtoto wa nyumba hiyo humjibu bila wasiwasi: “Friji yetu inauma.”

Wakubwa hucheka. Wengine husema haiumi, inatekenya tu, na ndala zinabaki pale miaka na miaka.

Ukweli ni kwamba friji haina hatia. Kinachouma ni umeme uliotoka kwenye njia yake na kukaa kwenye bati la friji, ukisubiri mtu wa kuupa njia ya kwenda ardhini. Siku ambayo mama amedeki na mtoto ametoka kuoga, peku na mikono mibichi, njia hiyo inakuwa rahisi zaidi. Ngozi yenye maji huuzuia umeme kidogo sana ikilinganishwa na ngozi kavu. Kilichotekenya jana kinaweza kuua leo, kwa friji ileile na mtoto yuleyule.

Hapo ndipo leseni ya fundi umeme, ambayo wazazi wengi huiona ni jambo la makaratasi, inapogeuka kuwa suala la afya.

Balbu ya zamani ya wati 60 hutumia takriban miliampia 260 kwenye umeme wa volti 230. Miliampia 30 tu, yaani karibu sehemu moja ya tisa ya hizo, zikipita kifuani zinaweza kukaza misuli ya kupumulia. Zikizidi, mapigo ya moyo yanaweza kuvurugika. Sasa breka ya kawaida iliyoandikwa 20 husubiri mkondo uzidi ampia 20 ndipo ikate. Imewekwa kulinda waya usiungue. Mtoto haimjui.

Vinavyomlinda mtoto ni viwili. Kuna waya wa ethi, wenye rangi ya kijani na njano, unaoupeleka ardhini umeme uliovujia kwenye bati. Na kuna breka ya uvujaji, yenye kitufe kidogo cha majaribio ambacho mara nyingi huandikwa T, ambayo kwa matumizi ya nyumbani hukata umeme uvujaji ukifika miliampia 30, kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Kwa fundi anayetaka kubana gharama, hivi ndivyo vitu vyepesi kurukwa, kwa sababu bila hivyo taa zitawaka, televisheni itaongea, na mwenye nyumba atalipa akiwa na furaha.

Kwa Tanzania Bara, leseni ya kufunga umeme kwenye majengo hutolewa na Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji, EWURA, na msingi wake ni Sheria ya Umeme ya mwaka 2008. Leseni hizo zina madaraja, na daraja ndilo linaloeleza ukubwa wa kazi ambayo mwenye leseni anaruhusiwa kuifanya. Cheti cha VETA ni kitu kingine. Kinaonyesha kwamba mtu amesomea ufundi, jambo zuri, lakini hakimpi ruhusa ya kwenda kutandaza nyaya kwenye nyumba za watu kwa jina lake. Fulana yenye nembo na kitambulisho cha kuning’iniza shingoni ndiyo kabisa visihesabiwe. Vishoka wanavyo vyote.

Wazazi wengi wanajua kwamba ili kuunganishiwa umeme wanahitaji fundi mwenye leseni, anayechora mchoro wa nyaya za nyumba na kugonga muhuri wake. Lakini hapohapo ndipo mchezo unapochezwa. Kijana wa mtaani ametandaza nyaya zote, kuta zimepigwa lipu, rangi imekauka. Mama akiuliza kuhusu leseni anajibiwa, “Usijali mama, muhuri nitautafuta.” Na kweli muhuri unapatikana, kutoka kwa mtu ambaye hajawahi kukanyaga kizingiti cha nyumba hiyo. Karatasi zimekamilika. Ndani ya ukuta hakuna aliyeangalia.

Kuna wanaojifariji kwamba TANESCO wakishafunga LUKU basi nyumba nzima imethibitishwa. Jukumu la shirika la kutunza njia ya umeme huishia kwenye mita. Kuanzia hapo kwenda chumbani kwa watoto, ni mali ya mwenye nyumba na ni jukumu lake.

Haimaanishi kwamba kila fundi asiye na leseni hajui kazi. Wapo waliofundishwa na mafundi wazee, mikono yao ni safi kuliko ya baadhi ya wenye leseni. Kijana wa namna hiyo anaweza kufanya kazi chini ya fundi mwenye leseni ambaye anafika, anakagua na anawajibika. Tatizo ni pale mwenye muhuri anapokuwa jina tu kwenye karatasi. Nyumba ikiungua, nani ataulizwa?

Kwa hiyo swali liulizwe mapema, kabla ya kununua hata mita moja ya waya: “Fundi, naomba nione leseni yako.” Anayeijua kazi yake hakasiriki. Mzazi asome jina, daraja na tarehe ya kuisha, kisha alinganishe jina hilo na kitambulisho cha aliyesimama mbele yake. Akiwa na shaka, aulize ofisi ya EWURA iliyo karibu. Makubaliano yaandikwe, hata kwenye karatasi ya daftari, yakiwa na namba ya leseni, na malipo yagawanywe ili sehemu ya mwisho itolewe baada ya vipimo.

Vipimo gani? Si tesita ile ya kuchomeka mfukoni. Tesita huonyesha kwamba umeme upo, haionyeshi kwamba ethi inafanya kazi. Fundi kamili huja na vyombo vya kupimia ethi na hali ya nyaya, na huandika alichokipata. Mwenye nyumba naye apite kabla ya lipu, asome maandishi kwenye waya. Kwa kawaida taa hutumia waya wa 1.5 na soketi waya wa 2.5; hita ya maji na jiko la umeme huhitaji mnene zaidi. Akikuta soketi za jikoni zimepewa waya wa taa, asimamishe kazi. Apige na picha za kuta zote. Siku ya kupigilia msumari wa saa ya ukutani, picha hizo zitakuwa na thamani kuliko risiti.

Mpangaji wa chumba na sebule hana nguvu ya kuvunja ukuta wa mtu. Anachoweza ni kubonyeza kile kitufe cha breka ya uvujaji, kama ipo. Umeme usipokatika, au kama breka hiyo haipo kabisa, mwenye nyumba aambiwe kwa maandishi, na ujumbe wa simu unatosha. Friji inayouma izimwe kwenye meni swichi, ichomolewe, na isirudishwe hadi fundi aikague pamoja na soketi yake. Ndala ziondolewe pale. Zinampa mtoto moyo wa kushika kitu ambacho hapaswi kukishika.

Mtoto akinaswa na umeme, asishikwe kwanza. Meni swichi izimwe. Kama haifikiki, asukumwe kwa mti mkavu na anayemwokoa akiwa amesimama pakavu. Asipopumua, mmoja aite msaada na mwingine aanze kukandamiza katikati ya kifua, mara 100 hadi 120 kwa dakika, pamoja na kumpulizia pumzi kwa anayejua, bila kuacha hadi msaada ufike. Moto ukiwaka, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji linapatikana kwa namba 114. Palipoungua pamwagiliwe maji safi yanayotiririka kwa dakika 20, umeme ukiwa umeshakatwa. Dawa ya meno na ute wa yai vibaki jikoni.

Hata akiamka na kutaka kwenda kucheza, apelekwe hospitali. Umeme unaweza kuacha kidonda kidogo kama punje ya mchele kidoleni huku ukiwa umeunguza misuli ndani au kuuvuruga moyo. Mtoto aliyeng’ata waya anaweza kutokwa damu mdomoni siku kadhaa baadaye, gaga linapobanduka. Daktari aambiwe alikuwa ameshika nini, alinaswa kwa muda gani, na kama alipoteza fahamu hata kidogo.