Kabla ya Serumu, Dakika Moja



Katika kikao chetu cha juma lililopita tulibishana sana. Mama mmoja wetu alikuwa amepeleka mtoto wake wa mwaka mmoja na nusu kwenye kituo cha afya, mtoto ana homa na kikohozi. Akamwambia muuguzi: "Munganga, mwana anachomeka moto, mumuwekee serumu." Muuguzi akajibu: "Mama, kaa kwanza, mtoto atulie mapajani." Akainua nguo, akatazama kifua, akahesabu pumzi dakika nzima, macho kwenye saa: 46. Akapima malaria kwa tone la damu, hakuiona. Mwishowe akatoa amoksisilini ya kunywa, akasema: "Umrudishe siku ya tatu." Mama alirudi nyumbani na hasira: "Nimelipa, na mtoto hakuwekewa hata chupa moja!"

Wengi wetu tulimuunga mkono. Lakini tumeulizia jambo hili vizuri, na leo tunasema wazi: yule muuguzi alifanya kazi yake sawasawa.

Kuhesabu pumzi ndiyo njia ya kutambua nimonia mahali pasipo na picha ya kifua. Mtoto wa chini ya miezi 2 akifikisha pumzi 60 kwa dakika, wa miezi 2 hadi 12 akifikisha 50, wa mwaka 1 hadi 5 akifikisha 40, anapumua haraka mno. Ndiyo maana muuguzi husubiri atulie, kwa sababu mtoto anayelia huhema haraka hata kama mapafu ni mazima.

Tukumbuke kwamba hapa kwetu kituo cha afya kwa kawaida huongozwa na muuguzi, si daktari. Ni yeye anayeamua nani atatibiwa nyumbani na nani apelekwe hospitali mara moja. Uamuzi huo unatoka katika kutazama, kugusa na kuuliza. Hautoki kwenye chupa.

Na hiyo serumu tunayoiita nguvu? Mwaka 2011 yalitangazwa matokeo ya utafiti uliofanywa katika hospitali za Kenya, Uganda na Tanzania, kwa watoto zaidi ya 3,000 wenye homa kali ambao damu yao haikuzunguka vizuri. Wengine walipewa maji mengi ya mshipani kwa haraka, wengine hawakupewa. Katika saa 48, kati ya kila watoto 100 waliopewa maji hayo, walikufa 10 au 11. Kati ya 100 wasiopewa, walikufa 7. Wengi walikuwa wametarajia kinyume.

Tusielewe vibaya. Watoto wa kuhara hawakuwa katika utafiti huo. Mtoto aliyekaushwa na kuhara, macho yameingia ndani na hawezi kunywa, serumu inamwokoa. Kutofautisha huyu na yule ndiyo kazi ya muuguzi.

Lawama si ya wamama peke yao. Kuna mahali chupa inawekwa kwa sababu inaleta pesa, au kwa sababu foleni ni ndefu na hakuna aliyepata muda wa kutazama. Hata sindano ya tako ikichomwa vibaya inaweza kuumiza mshipa wa fahamu na kumwacha mtoto anachechemea. Kwa hiyo tuulize kwa heshima: Umeona nini kwa mtoto? Dawa hii ni ya kazi gani? Nirudi lini? Muuguzi mwema hakasirikii maswali hayo.

Na sisi tuseme ukweli: homa ilianza lini, mtoto amekunywa nini, dawa gani alishapewa nyumbani, hata zile za miti. Mama akificha, muuguzi anaamua gizani.

Dalili hizi hazingoji kesho: mtoto hawezi kunywa wala kunyonya, anatapika kila kitu, amepata degedege, amelegea au haamki vizuri, au kifua kinaingia ndani anapovuta pumzi. Mtoto wa chini ya miezi 2 mwenye homa apelekwe mara moja, hata kama hana dalili nyingine.

Yule mama alirudi siku ya tatu, ingawa kwa shingo upande. Muuguzi akamkalisha tena, akatazama saa, akahesabu: 32. "Mmalizie dawa yote, mama, hata akianza kucheza." Safari hii mama hakuuliza habari ya serumu. Aliomba afundishwe kuhesabu, na katika kikao kijacho atatufundisha sisi. Njooni na saa, au simu yenye saa.