Shakahola: DNA pekee haiwezi kurejesha jina la marehemu

SERIKALI ilipoanza kuwakabidhi jamaa miili ya waathiriwa wa Shakahola mnamo Machi 2024, takriban mwaka mmoja ulikuwa umepita tangu ufukuaji uanze katika msitu huo wa Kaunti ya Kilifi. Zaidi ya miili 400 ilikuwa imefukuliwa, lakini 34 pekee ndiyo iliyokuwa imetambuliwa kwa DNA. Je, mbona sayansi yenye sifa kubwa hivyo ikakawia?

Sehemu ya jibu imo katika mbinu ya PCR, iliyobuniwa na Mwamerika Kary Mullis mnamo 1983 na kumpa Tuzo ya Nobel ya Kemia mnamo 1993. Mashine hupasha sampuli joto la digrii 95 hivi, nyuzi mbili za DNA zikaachana. Joto hushushwa hadi karibu digrii 60, vipande vifupi vilivyoundwa maabarani vikanasa kwenye mipaka ya sehemu inayotafutwa. Likipandishwa hadi digrii 72, kimeng'enya kiitwacho polimerasi hujenga uzi mpya kando ya kila uzi wa awali.

Hivyo moja huwa mbili, mbili huwa nne, nne huwa nane. Baada ya mizunguko 10 nakala huzidi 1,000. Baada ya 30, mambo yakienda sawa, hupita bilioni moja.

Hata hivyo, mashine haichagui. Joto, unyevu na bakteria wa udongoni hukatakata DNA ya maiti, na sehemu iliyokatika baina ya mipaka yake hairudufiki ipasavyo. Chembe za ngozi ya mhudumu asiye mwangalifu nazo huzidishwa vivyo hivyo. Ndiyo sababu wataalamu hutegemea mifupa na meno, na hulazimika kurudia vipimo.

Kizingiti kingine kiko nje ya maabara. Matokeo ya uchunguzi si jina, bali ni nambari zinazolinganishwa na za mzazi, mtoto au ndugu. Palipoangamia mzazi pamoja na wanawe, nani atajitokeza kutoa sampuli?

Mnamo 2025 makaburi mengine yalifukuliwa Kwa Binzaro, papo hapo Kilifi. Funzo ni kwamba kununua kemikali za maabara hakutoshi. Sharti serikali igharamie pia kuwatafuta jamaa hadi vijijini mwao, la sivyo mabilioni ya nakala yatabaki bila mwenyewe.