Mhadhiri asaidiwe kwanza

Nakubali wahadhiri wafunzwe kutumia akili mnemba, ila semina ya siku moja haitoshi. Mkakati wa Kenya wa akili mnemba wa 2025–2030 ulishazinduliwa Machi 2025. Sasa mhadhiri, hasa wa vipindi anayekimbia kampasi hadi kampasi, apewe muda, bando na mwenzake wa kumwelekeza. Huku Isiolo natamani zoezi kama hili: wanafunzi waiulize ChatGPT dalili za ugonjwa wa ngamia, wakamsomee mfugaji jibu pale soko la mifugo, akosoe, kisha wapewe alama kwa masahihisho. Nani atalitunga ikiwa mhadhiri mwenyewe hajakishika chombo hicho? Na vyuo viache kutegemea programu za kunasa wanaodanganya kwa akili mnemba. OpenAI wenyewe, waundaji wa ChatGPT, waliiondoa yao Julai 2023 kwa kukosa usahihi.