Mbwa wa soksi, panya wa makohozi

Na Bahati wa Kadutu

Jirani yangu amesikia kwamba mbwa wanaweza kunusa malaria. Sasa anataka tuletewe mmoja pale Ruzizi ya Kwanza, mpakani hapa Bukavu, awanuse wanaovuka daraja. Nikamwambia: mama, mbwa huyo atachoka kabla ya saa tatu asubuhi. Hapa kwetu nani hana malaria?

Habari yenyewe si uzushi. Mwaka 2018 watafiti wa Uingereza walieleza jinsi watoto wa Gambia walivyolala na soksi, soksi zikasafirishwa hadi Uingereza, zikanuswa na mbwa waliofundishwa. Za wenye vimelea, mbwa walizitambua kama 70 katika kila 100. Za wasio navyo, 90. Na watoto wale hawakuwa hata na homa! Ila atakayefaidi mbwa wa namna hiyo ni nchi iliyokwisha kuitokomeza malaria, ikabaki kulinda mipaka. Sisi bado.

Kinachotufaa kiko karibu zaidi, tena hakibweki. Morogoro, Tanzania, kwenye Chuo Kikuu cha Sokoine, shirika la APOPO linafundisha panya buku kunusa kifua kikuu. Ndiyo, yule yule ambaye baadhi yetu tunamjua kwa mchuzi. Makohozi hutoka zahanati, hupashwa moto kwanza ili vijidudu vife, kisha panya hupita tundu kwa tundu. Akituliza pua sekunde tatu hivi, kuna jambo. Akipatia kwenye yale yanayojulikana tayari kuwa na vijidudu, anaramba ndizi iliyopondwa. Shirika linasema sampuli 100 anazimaliza kwa dakika 20, kazi ya siku nne kwa mtu wa darubini.

Panya hamwandikii mtu dawa, wanaobisha waelewe hilo. Ananusa upya makohozi ambayo zahanati imeshasema ni safi. Akishuku, maabara inahakiki. Darubini huhitaji bakteria kama 10,000 katika mililita moja ndipo iwaone. Mwenye pungufu ya hapo anashuka kutoka Walungu, anaambiwa hana kitu, anarudi kukohoa katikati ya wanawe. Mashine ya GeneXpert ingemkamata, lakini inakula umeme, na umeme wa Bukavu tunaujua wenyewe.

Nilimweleza jirani haya yote. Bado anataka mbwa. Panya, anasema, hatamaliza juma Kadutu bila kuingia chunguni.