Masomo ya Ufundi Mtandaoni na Mwalimu Asiyekuwapo

Kila mtoto wa shule ya msingi hufundishwa kwamba maji huchemka katika nyuzi 100 za Sentigredi. Hapa Kalenga hayachemki hivyo. Tuko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, kanieneo ya hewa ni pungufu, na kipimajoto husimama kwenye nyuzi 95 hivi hata kuni zikiongezwa mekoni. Mbeya, palipo juu zaidi, husimama chini ya hapo. Mwalimu aliyeko darasani huuona uso wa mwanafunzi unaoshangaa, akalieleza jambo hilo kwa dakika mbili, na somo likaendelea. Lakini somo lililoandikwa mbali na kuwekwa mtandaoni halioni uso wa mtu. Anayelisoma peke yake atadhani kipimajoto chake ni kibovu, ama ataandika 100 katika daftari ingawa macho yake yameona 95. Hilo la pili ndilo linalotutia hofu, maana huyo amekwisha kujifunza kwamba sayansi ni kuandika kinachotakiwa, wala si kuandika kilichoonekana.

Tumeanza na maji ili tuseme juu ya jambo ambalo kwa haraka laonekana haliwahusu ninyi mnaojiandaa kufundisha shule za msingi, nalo ni uandaaji wa masomo ya sayansi na ufundi kwa njia ya mtandao kwa ajili ya wanafunzi wa vyuo vikuu. Lawahusu sana, ndugu wanachuo. Wengi wenu, mkiisha kupangiwa vituo, mtataka kujiendeleza bila ya kuacha kazi, na mlango ulio wazi ni Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, ambacho wanafunzi wake husoma wakiwa makwao. Tena watoto mtakaowashika mkono katika darasa la tatu ndio watakaokaa baadaye katika karakana za Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, au katika maabara za Mkwawa hapa Iringa, wakisoma mambo yaliyoandikwa na watu wasiowajua.

Maoni yetu ni kwamba somo la ufundi lililoko mtandaoni halistahili kuitwa somo mpaka limfanye msomaji atie mkono katika kitu kilicho karibu naye, na mpaka mwandishi wake awe ameyafikiria mapema makosa ambayo msomaji huyo atayafanya. Lisipofanya hivyo ni kitabu kilichohamishwa kutoka rafuni hadi kwenye simu.

Nchi yetu si ngeni katika kuwafundisha watu walio mbali. Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilipoamua kwamba elimu ya msingi kwa wote ifikiwe mwishoni mwa 1977, vyuo vya ualimu vilivyokuwapo havikuweza kutoa walimu wa kutosha. Kuanzia 1976 vijana waliomaliza darasa la saba waliwekwa katika shule za vijijini, wakifundisha sehemu ya siku na kusoma sehemu iliyobaki. Takriban 35,000 walifuzu kwa njia hiyo. Walibezwa kwa majina ya mzaha, nasi tuliofundishwa kusoma na baadhi yao hatuipendi mizaha hiyo. Lakini linalostahili kuangaliwa hapa ni jinsi mpango wenyewe ulivyojengwa. Palikuwa na vijitabu vya masomo, palikuwa na vipindi vya redio, palikuwa na mshauri katika kata aliyekuja kumtazama mwanafunzi-mwalimu akifundisha, na palikuwa na kipindi cha kukaa chuoni pamoja na wenzake. Kijitabu hakikuachwa kifanye kazi peke yake.

Siku hizi, vyombo vikiwa bora kuliko vya wakati ule kwa kiasi kisicholinganishika, mara nyingi tumebakia na kijitabu tu. Mhadhiri huchukua maandishi ya mihadhara yake, akayapakia katika jukwaa la chuo, na idadi ya mafaili ikahesabiwa kuwa ndiyo maendeleo. Tumewahi kumsikia mtu mwenye dhamana akijivunia mafaili hayo, na hakuna aliyemwuliza ni mwanafunzi yupi aliyeweza kufunga nyaya za swichi baada ya kuyasoma.

Wenye uwezo mkubwa kuliko sisi nao walipita njia hiyo. Chuo kilichoitwa African Virtual University, ambacho baadaye makao yake yalikuwa Nairobi, kilianza mwaka 1997 kama mradi wa Benki ya Dunia. Mwanzoni mihadhara ilirushwa kwa setilaiti kutoka vyuo vya ng'ambo hadi katika vyumba vya vyuo vikuu vya Afrika. Ilikuwa ghali, na mambo yaliyofundishwa hayakulingana kila mara na mitaala ya wasikilizaji. Kilipobadili mwendo, wahadhiri wa nchi mbalimbali za Afrika waliketi wenyewe kuandika moduli za hisabati, fizikia, kemia na biolojia kwa ajili ya mafunzo ya walimu, zikatolewa kwa Kiingereza, Kifaransa na Kireno. Sisi twaona kwamba hatua hiyo ya pili ilikuwa na thamani kuliko setilaiti zote, kwa kuwa kazi ya kufikiri ilirudi mikononi mwa watu wanaowajua wanafunzi.

Jaribio jingine latupendeza zaidi. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na Makerere cha Uganda na Obafemi Awolowo cha Nigeria, vilishirikiana na MIT ya Marekani katika mpango wa iLabs, ambamo mwanafunzi wa uhandisi hutumia kompyuta kuendesha kifaa halisi cha kielektroniki kilicho mbali naye. Yeye huchagua volti, kifaa hupima kwelikweli, na majibu humrudia pamoja na kasoro zake zote. Kuna pia michezo ya kuigiza majaribio, kama ile ya PhET ya Chuo Kikuu cha Colorado iliyoanza mwaka 2002, ambayo baadhi yake imefasiriwa kwa Kiswahili. Hiyo ni mizuri kwa kufikirisha. Ila katika mchezo wa kompyuta waya haupati kutu wala betri haiwi ya zamani, na fundi asiyewahi kukutana na kutu hajawa fundi bado. Kwa sababu hiyo twapendelea kifaa halisi kilicho mbali kuliko mchezo, na tungekipendelea zaidi kifaa kilicho mezani, hata kikiwa duni.

Sasa tuingie katika kazi yenyewe. Tuliwaomba wanachuo wetu waandike somo juu ya sakiti ya umeme kwa msomaji ambaye hawatamwona. Karibu wote walianza na maana ya umeme, wakafuatisha maana ya mkondo, ukinzani na volti, na mwishoni wakaweka mchoro. Andalio lilikuwa safi, maswali yalikuwa matano, na hapakuwa na mahali hata pamoja ambapo msomaji alitakiwa kugusa kitu.

Tuliwataka waanze upya na kazi ndogo: betri ya tochi, glopu moja na kipande kimoja tu cha waya, msomaji achore kwanza jinsi anavyodhani glopu itawaka, kisha ajaribu. Kazi hii si ya watoto peke yao. Katika filamu ya mafunzo iitwayo Minds of Our Own, iliyotolewa Marekani mwaka 1997, wahitimu wa MIT na Harvard waliulizwa swali kama hilo, na baadhi yao hawakuweza. Walikuwa na shahada, nao waliunganisha glopu na betri kwa njia moja tu, wakisahau kwamba mkondo hauna budi kurudi ulikotoka. Walikuwa wamezibeba kanuni za sakiti kwa miaka mingi bila ya kuwahi kuwasha kitu kwa mikono yao.

Hapa palitokea shida ambayo kitabu cha zamani hakikuijua. Glopu ndogo za tochi zimeadimika madukani; tochi za siku hizi hutumia LED. LED nyeupe huhitaji karibu volti 3, kwa hiyo haiwaki kwa betri moja ya volti 1.5. Tena hupitisha mkondo upande mmoja tu. Ikigeuzwa, haiwaki hata betri zikiwa mbili. Mwanafunzi anayefuata somo lililonakiliwa kutoka kitabuni atafanya kila kitu sawasawa, na hataona mwanga. Mwandishi anayemjua ataandika hivi: "Kama haikuwaka, hesabu betri zako. Kama ni moja, ongeza ya pili, ncha chanya ya moja iguse ncha hasi ya nyingine. Kama bado, igeuze LED. Kama bado, kwangua ncha za waya." Nayo ile "igeuze LED" imekwisha kumfikisha mwanafunzi wa chuo kikuu kwenye mlango wa somo la diodi, kabla hajasoma hata neno moja juu yake. Mistari minne kama hiyo ina kazi kubwa kuliko kurasa kumi za maana za maneno, maana ndiyo inayosimama mahali pa mwalimu aliyezunguka kati ya madawati.

Pampu ya maji ni mfano mwingine, nao tunausema kwa ufupi. Vitabu husema kwamba pampu ya kuvuta haiwezi, hata kwa nadharia, kuyapandisha maji zaidi ya mita 10 hivi. Hiyo ni hesabu ya pwani. Kwenye kimo chetu haifiki mita 9, na kwa vitendo ni pungufu zaidi. Mkulima wa bustani za kando ya Ruaha Mdogo anayeweka pampu juu ya ukingo analijua jambo hili kwa hasara. Mwanafunzi wa ufundi mitambo anayesoma somo la mtandaoni na aulizwe: wewe uko kimo gani?

Kuhusu uzito wa somo, video ya saa moja hula mamia ya megabaiti, na mwanafunzi hununua bando kwa fedha zake. Maandishi pamoja na michoro ya mistari hayafiki mara nyingi hata megabaiti moja. Video iwekwe pale tu ambapo mwendo ndio unaofundisha, kama vile mkono wa mchomeleaji, nayo iwe ya dakika mbili. Vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya Agosti 2022 viligawiwa walimu baadaye. Mtakapopewa chombo cha namna hiyo, pakueni masomo mahali penye mtandao mzuri, kisha myatumie mahali pasipo na mtandao.

Lugha nayo ni tatizo. Mtoto husoma sayansi kwa Kiswahili katika shule ya msingi ya serikali, na kuanzia sekondari hadi chuo kikuu huisoma kwa Kiingereza. Mwandishi wa somo la mwaka wa kwanza angeweza kuweka maelezo mafupi ya Kiswahili kando ya kila dhana ngumu. Asije akasema maneno hayapo. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ya TUKI ilitolewa mwaka 1990. Mpango wa TESSA nao, ulioanza mwaka 2005 ukiongozwa na Chuo Kikuu Huria cha Uingereza, na ambao Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilishiriki, umetoa masomo ya mafunzo ya walimu kwa Kiswahili, zikiwamo sayansi na hisabati. Masomo hayo ni bure, na mwalimu ameruhusiwa kuyabadili yafae mahali pake. Yasomeni, kisha myabadili kweli. Ruhusa hiyo hutumiwa kwa nadra mno, kwani tumezoea kukiona kilichochapwa kuwa ni kitu kisichoguswa.

Watu watasema kwamba kazi hii ni ya wataalamu wa kompyuta. La hasha. Mtaalamu wa kompyuta atajenga jukwaa, lakini hawezi kujua kwamba mwanafunzi wa Kalenga ataunga waya kwenye ncha moja tu ya betri. Hilo hulijua aliyewahi kusimama mbele ya watoto arobaini wenye betri. Mwalimu wa shule ya msingi analijua kosa hilo mapema kuliko mhadhiri, maana ndiye wa kwanza kuliona, na laiti vyuo vikuu vingemwita wakati wa kuandika.

Kwa hiyo tunapendekeza kwamba katika vyuo vyetu kila mwanachuo, kabla ya kumaliza, aandike somo moja la sayansi au stadi za kazi kwa ajili ya msomaji asiyemwona, lenye jambo moja la kutenda na majibu kwa makosa yasiyopungua matatu. Lipewe alama sawa na andalio la somo. Wakati wa mazoezi ya kufundisha limpelekee mwanafunzi wa darasa la sita, naye mwandishi akae nje ya chumba na asiseme neno. Kila mahali mtoto atakaposimama na kuinua kichwa patiwe alama ya kalamu nyekundu, na somo liandikwe tena kuanzia hapo. Sisi tutayapokea masomo hayo kuanzia muhula ujao, yakiwa ya kompyuta au ya mkono, pamoja na nakala ile yenye alama nyekundu.