Kanuni za Filamu za Kutisha Haziui Ubunifu

Mwandishi aliyewashauri wanafunzi wa filamu watupe kanuni zote za filamu za kutisha wanapotengeneza trela, ati zinaua ubunifu, amewapotosha. Trela huwa ya dakika mbili hivi. Ndani ya muda huo mtazamaji lazima atambue kwamba anaalikwa kuogopa. Giza, mlango unaofunguka polepole, ukimya kabla ya kishindo: bila ishara hizo mwanafunzi atamaliza nusu ya muda akijieleza.

Itazameni trela ya Alien ya mwaka 1979. Hakuna mhusika anayesema neno. Yai linapasuka, mwanga unatoka, kisha inakuja sauti kali kama king'ora huku picha zikikatwa kwa kasi. Kuficha kinachotisha ni kanuni kongwe, na hapo ndipo ubunifu wote ulipojengwa.

Mwandishi huyo atasema mwongozaji Alfred Hitchcock alizivunja kanuni hizo. Kweli, katika trela ya Psycho ya 1960 aliwatembeza watazamaji mwenyewe motelini kwa mzaha, zaidi ya dakika sita. Lakini alimalizia wapi? Bafuni, pazia likivutwa na mwanamke akipiga mayowe! Alijua hasa ni kanuni ipi aicheleweshe.

Tena kanuni humsaidia asiye na fedha. John Carpenter alitengeneza Halloween (1978) kwa bajeti ndogo, na muziki akautunga mwenyewe. Mwanafunzi mwenye simu na kinasa sauti anaweza kuanzia hapo hapo.

Walimu, msiwanyime wanafunzi kanuni hizi. Wafundisheni kwanza, ndipo muwaruhusu kuzivunja.