Baridi ya Kupindukia Si Usalama wa Seva

Msomaji mpenzi, huenda ukajiuliza: mwanafunzi wa Kiswahili ana nini na joto la mitambo? Swali hilo ni halali. Hata hivyo, tasnifu zetu, masimulizi tuliyoyarekodi nyanjani na matoleo ya majarida yetu siku hizi huhifadhiwa katika seva, yaani tarakilishi kuu inayozihudumia tarakilishi nyingine. Seva hiyo ikizimika, maktaba nzima imefungwa.

Katika chuo kimoja nilichowahi kusomea, kiyoyozi cha chumba cha seva kiliwekwa kwenye nyuzi 16 usiku na mchana. Fundi aliyekitunza chumba hicho alivaa koti zito hata mwezi wa Februari. Gharama ya umeme ilipopanda, wakubwa waliamuru kiyoyozi kizimwe kila jioni. Haukupita mwezi, seva ikazidiwa na joto na kujizima usiku wa manane, nasi tukaamkia siku ya kuwasilisha tasnifu tukiwa mikono mitupu. Makosa mawili yalitendeka hapo: kwanza israfu, kisha ubahili. Naamini kwamba njia iliyo sawa imo baina ya hayo mawili.

Awali ya yote, ifahamike kuwa seva haihitaji baridi ya jokofu. Mnamo mwaka wa 2008, ASHRAE, chama cha wahandisi wa masuala ya upozaji chenye makao yake Marekani, kilipendekeza kuwa hewa inayoingia kwenye seva iwe baina ya nyuzi 18 na 27 za Selsiasi. Anayeshikilia nyuzi 16, basi, analipia baridi ambayo hakuna aliyeiomba.

Pili, tuzitazame feni. Kanuni ya feni ni kuwa umeme zinaoutumia hubadilika kwa kadiri ya kipeo cha tatu cha kasi. Feni ikipunguzwa kasi hadi nusu, hutumia takribani thumuni tu ya umeme wake wa awali. Kuzizungusha feni zote kwa kasi kamili usiku, ilhali hakuna mtu anayeitumia seva, ni kuumwaga umeme mchangani. Kasi na ifuate kazi: vipimajoto vilivyomo ndani ya seva ndivyo viziamuru feni.

Je, tuuache basi mtambo uchemke ili tuweke akiba? La hasha! Prosesa, ambayo ndiyo ubongo wa seva, ikizidiwa na joto hujipunguzia kasi ili isiungue, na kazi ikazorota. Isitoshe, kadiri prosesa inavyopata joto ndivyo inavyovujisha umeme zaidi. Feni za ndani nazo huanza kuvuma kwa nguvu, zikaimeza akiba yote iliyopatikana kwenye kiyoyozi.

Tusisahau pia kuwa mahali si pamoja. Nairobi imeinuka zaidi ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, na hewa yake ya usiku, ikichujwa vumbi, yaweza kuipoza seva bila kiyoyozi. Lakini hewa ya nyanda za juu ni nyepesi na hubeba joto kidogo. Kwa hiyo upeo wa joto unaoruhusiwa sharti uteremshwe. Mombasa nako hewa ya nje ina joto, unyevu na chumvi. Atakayenakili kanuni ya mji mmoja na kuipeleka mwingine bila kupima atajuta.

Tufanyeje? Hewa baridi ya mbele ya seva itengwe na hewa moto itokayo nyuma. Vichujio visafishwe, kwani usipoziba ufa utajenga ukuta. Joto lipimwe pale hewa inapoingilia kwenye seva, si ukutani penye kiyoyozi. Kisha halijoto ipandishwe uzi mmoja mmoja, huku mwendo wa feni na wa prosesa ukichunguzwa. Umeme wa jumla ukianza kupanda badala ya kushuka, hapo ndipo pa kukomea.

Korpasi mashuhuri ya Kiswahili imeundwa na kutunzwa Helsinki, huko Ufini. Tunawashukuru walioifanya kazi hiyo. Hata hivyo, mtegemea cha nduguye hufa maskini. Iwapo twataka hazina ya lugha yetu ikae kwetu, hatuna budi kujifunza kuitunza nyumba yake. Nawasihi wahadhiri na viongozi wa vyama vyetu waingie katika chumba cha seva cha chuo chao wiki hii, wamuulize fundi maswali mawili: hewa inaingia ikiwa na nyuzi ngapi, na feni zinazunguka kwa kasi gani? Akikosa jibu, kazi zetu zote zimo hatarini.